Kurasa Alizoziokota Mama

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuandika vizuri.

Daktari alinipa daftari akaniomba jambo dogo. Kila siku niandike kidonge nimekimeza saa ngapi, mkono umefunguka ukanitii saa ngapi, na umefunga tena ukakakamaa saa ngapi. Hakuniomba mwandiko mzuri. Mimi mwenyewe ndiye niliyeona haya kumpelekea mtu aliyesoma karatasi yenye herufi zilizobanana kama sisimizi. Basi nikawa naandika kwanza kwenye vikaratasi, halafu kidonge kikishika na mkono ukitulia, nanakili kwenye daftari kwa wino wa buluu, mistari nimeipiga kwa rula. Vikaratasi nikivikunja na kuvitupa. Nilifanya hivyo miezi minane, na katika miezi hiyo nilikaribia kumpoteza mchumba wangu.

Naandika haya kwa ajili ya mtu aliyeanza dawa hizi juzi au jana. Pengine huna daftari, lakini huenda nawe unanyoosha kanzu na kujikaza ukiingia kwa daktari, ili akuone ulivyo mzima.

Naitwa Faki, nina miaka thelathini na moja, na kwetu ni kijiji cha Ole. Kazi yangu ni kushona kofia za viua, zile nyeupe zenye matundu madogo madogo yanayozungushiwa uzi. Sikufundishwa. Nilipokuwa skuli nilichukua kofia kuukuu ya marehemu baba, nikaifumua tundu moja baada ya jingine kuona uzi umepita wapi, kisha nikajaribu kuirudisha. Mama aliitazama akasema sasa inafaa kufunikia chungu. Nikafumua tena. Ya saba ndiyo watu waliyoiulizia. Tangu hapo sijawahi kumkabidhi mtu kofia yenye tundu lililopinda hata moja, na nilijivunia hilo kuliko ilivyostahili.

Maradhi yalinianzia puani. Ulikuwa msimu wa karafuu, majamvi yametandazwa uani kwetu na kwa jirani. Nikamwuliza mama mbona karafuu za mwaka huu hazinukii. Alicheka, akachota gao zima akaniwekea chini ya pua. Nilivuta pumzi kama mtu anayevuta hewa juu ya sinia tupu. Tukasema ni mafua. Mafua hayo yalifika vuli bila ya kuondoka, na vuli ilipokwisha kidole gumba cha mkono wa kulia kikaanza kutetemeka chenyewe, kila ninapoutuliza mkono pajani. Halafu mguu ukawa unaburuzika. Kandambili ya kulia ikalika upande mmoja. Raya ndiye aliyeona kwamba nikitembea mkono mmoja hauendi. "Umebeba nini huko?" aliniuliza, na mimi sikuwa nimebeba kitu.

Raya ni mchumba wangu. Posa yangu ilikuwa imeshapokelewa, na baba yake, Mzee Omar, alikuwa amesema tutaozwa baada ya mavuno mengine ya karafuu. Mzee Omar ni mtu wa maneno machache. Familia yake ilikuwa na mashamba makubwa zamani, na hata sasa ambapo yaliyobaki ni machache, anatembea kama mtu anayeyakagua yote.

Nilisomewa, nikanywa kombe, yale maji yaliyooshewa aya, nikachuliwa kwa mafuta. Sijutii kisomo, kilinipa utulivu wa moyo nilipokuwa sina kingine. Lakini kidole kiliendelea. Mwishowe tulikwenda hospitali ya mjini, Chake, tukaambiwa tungoje daktari wa mishipa ya fahamu anayekuja kutoka Unguja kila baada ya miezi mitatu. Nitamwita Dokta Nasra. Aliniambia nigonganishe kidole gumba na cha shahada haraka haraka, nitembee mpaka mlangoni na kurudi, kisha akanipa kalamu niandike sentensi yoyote. Niliandika Bismillahi kwa herufi za Kiarabu, kama tulivyozoeshwa kwenye chuo cha Kurani kuanza nayo kila karatasi, halafu jina langu na la baba na la babu. Jina la babu halikusomeka. Herufi zilikuwa zimekwenda zikipungua mpaka zikawa nukta.

Aliutaja ugonjwa kwa jina lake, Parkinson. Nikamwambia hayo ni maradhi ya wazee. Akasema mara nyingi, siyo mara zote.

Kidonge cha kwanza nilikimeza nyumbani, asubuhi, baada ya chai. Nilikaa kizingitini kungoja. Baada ya kama dakika arubaini nilihisi bega linashuka, kama mtu aliyekuwa amenishika kwa nyuma ameniachia. Nikaingia ndani nikafunga vifungo vya shati, vyote, bila ya mama kunisaidia. Mama aliona, akageuka upande akajifanya anatafuta ufagio.

Kwa wiki chache nilidhani nimepona. Kisha saa zikaanza kuchezacheza. Leo kidonge kinashika upesi, kesho kinachelewa, keshokutwa hakishiki kabisa. Ugonjwa wenyewe nilikuwa nimeanza kuuzoea. Kilichoniumiza ni kutojua. Nilitamani mkono wangu wa zamani, na zaidi ya mkono nilitamani kuweza kumwambia mtu "nitakuja saa nane" na nikaja.

Kwenye benchi la hospitali nilikutana na Mzee Shaame wa Kiuyu. Alikuwa na ugonjwa uleule na kidonge kilekile, rangi moja na ukubwa mmoja.

"Mie chai yangu nusu naigawa kwa kanzu," aliniambia. "Kanzu nayo ina kiu, yakhe."

Nikamwuliza kidonge chake kinamshika muda gani. Akasema hajui, anameza asubuhi, anakwenda shamba kupalilia muhogo, akirudi anakumbuka kwamba anaumwa. Nilimwonea wivu mpaka nikaona aibu. Siku hiyo nilimwuliza Dokta kwa nini yeye na mimi tumepewa dawa moja na haitutendi sawa.

"Ningekuwa na njia ya kujua mapema, ningekwambia tangu siku ya kwanza," alisema. "Wako wanaotafuta kwa mashine na hesabu kubwa kubwa, nani dawa itamkubali na nani itamsumbua. Mie hapa nina wewe tu. Niandikie kweli, nami nitakisia."

Ndipo aliponipa daftari.

Sasa nieleze nilivyoliharibu. Nilipokuwa nanakili, sikunakili tu. Nilisahihisha. Kidonge kilichomezwa saa mbili na dakika kumi na saba niliandika saa mbili na robo. Mambo niliyoyaona ni uchafu niliyaacha: mama kapika nini, nimekula kabla au baada, nimegombana na nani. Dokta ana haja gani ya kujua kwamba leo kwetu kumepikwa kunde za nazi? Mchana ambao kidonge kilikataa, niliandika neno moja, "hakikushika," kwa mwandiko wa kupendeza. Na siku ya kliniki nilipiga hesabu ya kidonge changu ili niingie kwake mkono ukiwa mtulivu, kanzu imepigwa pasi, daftari limefunikwa gazeti. Kwetu mtu haingii kwa watu na aibu yake mkononi. Nilidhani ni adabu.

Dokta alisoma yale "hakikushika" yangu, akaona dozi ni ndogo. Akaiongeza wakati wa masika. Ramadhani ikaingia, na alikuwa amenikataza kufunga. Hilo sikulitarajia kuwa zito. Mchana nilikula nyuma ya pazia, peke yangu, wali wa jana na kipande cha samaki, huku nasikia mama anatwanga kwa ajili ya futari ya watu. Nilitamani njaa. Nilitamani ile kiu ya alasiri ambayo kila mtu barabarani anayo, na wewe ukiwa nayo unakuwa mmoja wao. Kidonge nacho kilizidi kukataa, nami nikazidi kuandika vizuri. Dokta hakuwa na safari ya kuja mwezi ule, tukazungumza kwa simu. Nikamsomea daftari, naye akaongeza tena.

Sikukuu ya Idi nilikwenda kwa Mzee Omar kumpa mkono, kama mkwe mtarajiwa anavyopaswa. Nilikuwa nimemeza kidonge kikubwa kipya, nikaona nimeshajilinda. Tulikaa barazani, ikaletwa halwa na kahawa. Ndipo mwili ukaanza. Haikuwa kutetemeka. Hii ilikuwa ngoma. Bega linapanda lenyewe, shingo inazunguka, mguu unajirusha. Nilikuwa mzima kabisa ndani na mwili unacheza bila ya mimi. Kikombe kilinitoka kikavunjika juu ya sakafu, na nilipoinama kuokota vipande nikaisukuma sinia ya halwa.

Mzee Omar alingoja mpaka nikakaa tena. "Kijana, unaumwa nini?"

Nikamjibu baridi. Jua lilikuwa linachoma paa la bati juu yetu, na mimi nikasema baridi.

Baada ya siku nne mama akaletewa salamu kwamba habari ya ndoa isimame kwanza, mpaka wajue wanamwoza mtu wa namna gani. Sikuwalaumu. Nilichoka hata kulia. Nilikuwa nimeanza kujishonea kofia ya harusi, na ilikuwa imefika robo tatu. Nikaiviringa kwenye kitambaa nikaiweka juu ya kabati.

Kliniki iliyofuata ilikuwa kipupwe kimeshaingia. Foleni ilikwenda polepole, na hesabu yangu ya kidonge ikaharibika. Nilipoitwa, mkono ulikuwa umeshafunga kama ngumi ya mtoto. Mzee Shaame, niliyekwisha kumsimulia ya Idi tukiwa foleni, alinisukuma mgongoni taratibu akasema, "Nenda, mwanangu, huko ndani hakuna mkweo."

Dokta Nasra alifungua daftari, akapekua kurasa kadhaa. Kisha akanipa kalamu na karatasi. Niliandika Bismillahi, jina langu, la baba, na nikakwama. Akaichukua ile karatasi akailaza kando ya daftari. Alizitazama zote mbili kwa muda mrefu.

"Faki, aliyeandika hili daftari ni nani?"

"Mimi."

"Mkono ukiwa vipi?"

Nilimweleza. Nilimweleza na vikaratasi, na kusahihisha, na dakika nilizozizungusha, na kunde nilizoziacha, na ile ngoma ya Idi. Nilingoja anigombeze. Alifunga daftari akaliweka mapajani.

"Basi miezi yote hii nimekuwa nikimtibu huyu wa kwenye daftari," alisema. "Na huyu siye anayeumwa."

Akaniuliza viko wapi vile vikaratasi. Nikasema nimevitupa. Akapunguza dozi iwe ile ya kwanza, akasema ile ngoma ilikuwa dawa iliyozidi, basi tuanze upya, na kwamba atahitaji miezi mingine mitatu ya maandishi kabla ya kukisia chochote. Miezi mitatu. Nilitoka nikihesabu kwamba mpaka hapo Raya atakuwa ameshaposwa na mtu mwingine.

Nyumbani nilimkuta mama uani anachambua karafuu, anazitenga na makonyo, vile vijiti vyake. Nikamwambia yote, hata nilichomjibu Mzee Omar. Alikung'uta mikono kwenye kanga, akaingia ndani, akarudi na mfuko wa ukili ambao siku zote hutundikwa ukutani juu ya kitanda chake. Nimeuona mfuko ule tangu utoto wangu. Humo mama huweka kurasa za juzuu zilizochanika, na kila karatasi yenye jina la Mwenyezi Mungu, mpaka apate pahala safi pa kuzifukia.

Aliumwaga juu ya mkeka. Vikaratasi vyangu vilikuwa humo. Vyote, nadhani, vilivyokunjwa vikakunjuliwa, vimepangwa kama noti.

"Kila kimoja umekianza na Bismillahi," alisema. "Weye ukatupa jalalani. Nami niviache viliwe na kuku?"

Miezi minane alikuwa anapita nyuma yangu akiokota.

Raya alikuja siku ya pili mchana pamoja na shangazi yake, kwa kisingizio cha kumsaidia mama kuchambua karafuu. Hakuna aliyemkataza kuja kwetu, alisema, waliloambiwa ni kwamba ndoa imesimama, miguu haikusimamishwa. Shangazi alikaa na mama. Raya alikaa upande wa pili wa mkeka akaanza kunisaidia kupanga. Baadhi ya vikaratasi vilikuwa na tarehe, vingine havina, tukavipanga kwa kukisia. Alikuwa akinisomea kwa sauti.

"'Saa saba na dakika ishirini na mbili, kidonge. Kunde za nazi. Saa tisa bado.'" Akaweka upande mmoja. "'Muhogo wa kuchemsha na chai. Kimeshika kabla sijaosha kikombe.'" Akaweka upande wa pili. "'Samaki changu wa kupaka. Bado. Bado. Nimemjibu mama vibaya.'"

Mama alisema kutoka kule, bila ya kuinua uso, kwamba siku hiyo anaikumbuka.

Raya akachukua kingine, akakisoma kimya, kisha kwa sauti. "'Raya hakuja leo. Mkono umefunga tangu saa tatu.'" Akanitazama. "Na hii ni ya Dokta?"

"Soma nyingine," nilimwambia.

Ilipofika alasiri mambo yalikuwa wazi hata kwangu mimi nisiyesomea udaktari. Kila mchana wenye kunde au samaki kidonge kilichelewa au kilikataa. Siku za muhogo na chai kilikuja haraka. Na saa moja kabla ya mkono kufunga, kabla hata sijahisi kitu, mwandiko ulikuwa umeshaanza kupungua. Mkono ulikuwa unatoa habari mapema, kila siku, nami kila siku nilikuwa naifuta.

Raya alivifunga vikaratasi kwa uzi wangu wa kofia. "Dokta mpelekee picha kwa simu," alisema. "Hivi vyenyewe mpe baba."

Picha nilimpelekea Dokta jioni ile, na wiki hiyohiyo nikaenda kwa Mzee Omar. Safari hii nilikusudia nisimeze kitu. Nilifika mguu unaburuzika na mkono unagonga mfuko wa shati, nikakaa palepale nilipokaa Idi. Nikamwambia ugonjwa unaitwaje, na kwamba hauponi, dawa inausukuma tu. Nikamwambia ile siku sikuwa na baridi. Akachukua bunda la vikaratasi akavaa miwani. Alisoma vingi kuliko nilivyotarajia. Vile vya herufi ndogo alivisogeza kwenye mwanga. Nilijua ni kipi kinafuata kipi, na nilijua kile cha Raya kimo.

Alipomaliza alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu.

"Hii dawa yako asubuhi inakufungua saa ngapi?"

Nikamwambia Dokta anakisia kwamba nikimeza saa tatu kamili, tumbo tupu, saa nne kasorobo nitakuwa nimefunguka, na nitakaa hivyo mpaka saa sita na kitu.

"Sisi huozesha baada ya alasiri," alisema.

"Alasiri ni saa yangu mbaya, mzee."

Akakunja miwani. Mimi mkono unagonga mfuko, tap, tap, tap, na hakuna pa kuuficha.

"Basi itakuwa saa nne," alisema.

Tuliozwa kabla ya mvua za vuli. Kofia yangu robo iliyobaki aliimalizia mama, na ukiitazama kwa karibu utaona pahala uzi unapobadilisha mkono. Saa tatu kamili nilimeza. Saa nne kasorobo nilikuwa msikitini nimekaa mbele ya Mzee Omar, na mkono haujafunguka. Saa nne haujafunguka. Dokta alikuwa ameniambia makisio yake yatakosea mara nyingine, na nilikuwa nimemkubalia kwa kichwa kama mtu anayeelewa.

Mzee Omar aliinama kwangu. "Bado?"

"Bado kidogo."

Akageuka akawaambia watu wapewe kahawa tena. Watu wakanywa, hakuna aliyeuliza. Mzee Shaame, aliyekuja kutoka Kiuyu kwa ajili yangu, nilimsikia nyuma akimweleza mwenzake kwamba kanzu yake leo imeshashiba.

Zikapita dakika nyingine. Nikaangalia saa ya ukutani, nikaangalia mkono wangu, nikauona mkono wa Mzee Omar umeshanyooshwa na unangoja. Nikampa wangu ulivyo. Ulikuwa unatetemeka, na ukamtetemesha na yeye mpaka kwenye mkono wa kanzu. Aliubana. Akasema maneno yake polepole, nami nikayajibu kama nilivyofundishwa, na pahala fulani katikati ya maneno hayo mkono ulitulia. Sijui ilikuwa saa nne na dakika ngapi. Ndiyo mara ya pekee ambayo sikuiandika.

Sasa ni masika tena. Harufu ya karafuu haijarudi. Msimu uliopita Raya alikaa nami uani akanieleza inavyonukia mpya na inavyonukia iliyokauka, na nilimsikiliza kama mtu anayesimuliwa habari za mji aliozaliwa. Ninashona asubuhi tu. Kofia iliyokuwa ikinichukua wiki tatu sasa inanichukua miezi mitatu, na kofia zangu zina matundu yaliyopinda, na wako wanaozitaka. Kunde nakula usiku, baada ya kidonge cha mwisho. Dokta Nasra anakisia, anapatia zaidi kuliko anavyokosea, na akikosea tunaandika.

Daftari ni moja. Naandika kwa mkono nilio nao saa hiyo, na sinakili.